Wino wa Mpira na Njia ya Ufipa

Watunzi wa tenzi zetu wana ada ambayo haikuwapotea tangu zama za Pate na Lamu. Mtunzi akishamtaja Mola wake, na kabla hajakigusa kisa, huita wino. Huomba karatasi njema, huomba kalamu iliyochongwa sawasawa, huomba wino mweusi uliokolea. Sisi wasomaji wa leo, ambao kalamu twainunua dukani kwa bei ya maandazi, sehemu hiyo twaipita mbio na kuiona kuwa dibaji isiyo na uzito. Hapana shaka ni mazoea ya fani, lakini mazoea hayo yalikuwa na sababu. Aliyeomba wino zama hizo alikuwa akiomba kazi ya mikono: kukwangua masizi penye taa za mafuta na matako ya vyungu, kuyachekecha, kisha kuyasaga kwa gundi ya mgunga na maji, kidogo kidogo, hata yawe kitu kimoja laini kisichokwaruza ncha ya mwanzi.

Siri ya wino huo imo katika gundi. Masizi hayayeyuki majini. Ni vumbi tu, na vumbi halikai juu ya karatasi pasipo kitu cha kulishikisha. Gundi ikipungua, herufi hufutika kwa kidole. Ikizidi, wino hung'aa siku ya kwanza, kisha ukikauka hupasuka na kubanduka maganda maganda pale ukurasa unapokunjwa. Mwandishi akiipata kadiri yake, amepata kitu ambacho jua haliwezi kukipausha, kwani masizi ni kaa, na kaa halibadiliki rangi kwa mwanga. Adui wake ni maji, maana gundi huyeyuka. Na adui wa karatasi ni mchwa, lakini hilo si kosa la wino.

Na kisiwani tulikuwa na wino wa pili, ambao watu hawauhesabu kuwa wino. Mwalimu aandikaye kombe huchukua zafarani, akaichanganya na maji ya waridi, akaandika aya juu ya sahani nyeupe, kisha maandishi yakaoshwa na mgonjwa akayanywa. Hapo wino usiotoka ungekuwa wino mbaya. Hali kadhalika ubao wa chuoni: mtoto akishahifadhi, ubao huoshwa ukapokea somo jingine. Ama wapiga chapa wa kanga wa zamani, waliokuwa wakigonga nakshi kwa mihuri ya mbao juu ya marekani, hao walihitaji rangi ya tatu, itakayoingia ndani ya uzi wa pamba na kustahimili sabuni, jua na jiwe la kufulia. Kwa hiyo watu wetu walijua, bila ya kusoma kemia, kwamba wino hauchaguliwi kwa weusi wake. Huchaguliwa kwa kuulizwa mambo mawili: utakaa juu ya nini, na utakaa muda gani.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu habari ninayoileta ni ya wino ambao haukuchaguliwa na fundi. Ulichaguliwa na dhiki. Habari yenyewe ilimalizikia mbali na bahari, kwenye nyanda za juu za Ufipa.

Msomaji wa Pwani aitafute Ufipa kwenye ramani kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Baina yake ardhi imeinuka kama meza, majani mafupi, miti michache, upepo mwingi. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai mtu wa Unguja akifika huko hulala na makoti mawili. Jina la mji wenyewe, kwa Kifipa, huelezwa kuwa ni amri: tupa uchawi. Neno wanga hatuna haja ya kufasiriwa sisi; tunalo kwetu vilevile, na waja wake.

Masizi Ufipa hayakukosekana. Wafipa walikuwa wahunzi wenye sifa. Tanuri zao za kuyeyushia mawe ya chuma, waziitazo malungu, zilijengwa kwa udongo hata zikampita mtu kimo, nazo zilivuta hewa kwa urefu wake zenyewe, bila ya mivuo. Kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili katika tanuri ndogo yenye mivuo. Palikuwa na makaa na moshi wa kutosha kuandika maktaba nzima. Lakini hapakuwa na khati, na kwa hiyo masizi yalibaki masizi. Habari za nchi zilihifadhiwa kinywani: kijiji cha Milansi na mtawala wake wa kale Ntatakwa, wanawake wageni waliofika wakati mwenye nchi hayupo nyumbani, na ukoo wa Watwa uliokuja kuzitawala Nkansi na Lyangalile. Mtaalamu Roy Willis alipokwenda kuwasikiliza wazee katika miaka ya 1960, alizikuta habari hizo hai, zikisimuliwa na kubishaniwa. Hazikuwa zimeandikwa kwa wino wowote.

Wino uliingia Ufipa kwa njia kadhaa. Wafanyabiashara wa Pwani walikuwa mwambao wa ziwa kabla ya Mzungu yeyote kujenga huko, na barua zao za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilikwenda na kurudi pamoja na misafara ya pembe. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema, kaskazini ya Ufipa, na mwaka 1885 wakawaachia mapadri wa shirika la White Fathers, nao wakaja na vitabu na daftari za ubatizo. Kisha, karne ya 19 ikielekea ukingoni, wakafika Wadachi. Boma lao walilijenga Kasanga, kusini ya ziwa, wakaliita Bismarckburg. Jina hilo walilipenda mno; hata Togo walikuwa na Bismarckburg nyingine.

Pamoja na boma ulikuja mhuri. Neno hili ni la Kiajemi, nasi tumekaa nalo karne nyingi; masultani na makadhi wetu walikuwa na pete za mihuri. Lakini mhuri wa pete ulikuwa wa mtu. Mhuri wa boma ulikuwa wa ofisi, na aliyeushika leo akifa kesho hushikwa na mwingine. Amri ya kodi ya kibanda ilitoka mwaka 1897, na tangu hapo mwanakijiji alikuwa na jambo la kumwonyesha mkusanya kodi: karatasi iliyogongwa. Asiyekuwa nayo alihesabiwa hakulipa, hata kama jirani zake wote walimwona akilipa. Huu ndio ugeni mkubwa ulioletwa na wino bara. Ushahidi uliondoka kinywani mwa watu ukahamia kwenye doa la rangi, na doa hilo lilitegemea mpira, pedi na chupa iliyotoka Ulaya kwa meli.

Meli zikakoma mwaka 1914.

Vita vilipoanza, manowari za Kiingereza ziliifunga bahari, na koloni zima likabaki na kilichokuwamo. Fedha za rupia zilikuwa zikifichwa na watu, kama watu wafanyavyo wakati wa vita. Mwaka 1915 Wadachi wakaanza kuchapa noti zao za muda Dar es Salaam, kwa karatasi yoyote iliyopatikana katika mitambo na maduka. Zilichapwa noti nyingi sana, hasa za rupia moja. Hapo bado mtambo ulikuwapo, herufi za risasi zilikuwapo, na wino wa mtambo ulikuwapo.

Stempu za posta nazo zilikwisha. Mwanzoni mwa 1916 kazi ya kuchapa nyingine ilipewa mtambo wa wamisionari wa Kilutheri huko Vuga, Usambara: za heller mbili na nusu, za heller saba na nusu, na za rupia moja. Kabla hazijatumika, meli iitwayo Marie ilipenya kizuizi na kutia nanga ghuba ya Sudi, ikiwa na shehena ya silaha, na humo mkawamo stempu kutoka Ujerumani. Zile za Vuga zikawekwa kando, na adui alipokaribia zikafukiwa ardhini. Zilifukuliwa mwaka 1921. Unyevu na wadudu walikuwa wamekula sehemu kubwa, gundi imeshikana, karatasi imeoza. Lakini zilizobaki zilisomeka, maana zilichapwa kwa wino wa mafuta.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwenye jambo la ufundi, kwani ndipo ulipo moyo wa kisa. Wino wa mtambo wa chapa ni masizi yaliyosagwa ndani ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa hata yakawa mazito kama asali. Haukauki kwa kupotea maji, kwa sababu hauna maji. Hukauka kwa kukutana na hewa: mafuta hugeuka ngozi ngumu, na masizi hubaki yamefungwa ndani ya ngozi hiyo. Mvua haiutoi wala jua haliupaushi. Ni ndugu wa wino wa miswada yetu, ila mahali pa gundi pana mafuta. Na herufi zake ni za risasi, ambayo mafuta hayaidhuru.

Ama wino wa mhuri wa mpira ni ukoo mwingine kabisa. Mafuta na mpira havipatani. Mpira ukikaa na mafuta huvimba, kingo za herufi hulainika, jicho la "e" likaziba na mguu wa "R" ukanona. Na mafuta ya taa, ambayo mpiga chapa huoshea risasi yake, huuharibu mpira zaidi. Kwa hiyo mwenye mhuri wa mpira hulazimika kutumia wino wa maji na glaserini uliotiwa rangi za anilini, zile rangi zilizozaliwa katika maabara baada ya kijana wa Kiingereza, William Perkin, kupata zambarau yake ya kwanza mwaka 1856. Zambarau ya mihuri, ile ambayo kila mtu wa nchi hii ameiona kwenye stakabadhi, ni ya ukoo huo. Rangi ya namna hii haina chembe kama masizi. Huyeyuka yote, ikanywewa na karatasi. Ina nguvu ya ajabu siku ya kwanza, na tone moja hupaka mkono mzima. Lakini maji yaliyoiyeyusha mara ya kwanza yanaweza kuiyeyusha mara ya pili, na jua huila. Ninacho cheti cha shule cha marehemu baba, kilichokaa ukutani miaka mingi mkabala na dirisha. Maneno yaliyochapwa yapo yote. Mhuri umekuwa kivuli, na mtu asiyejua kwamba ulikuwapo hatauona.

Glaserini nayo ina tabia yake. Haikauki peke yake. Huvuta unyevu wa hewani, na ndiyo maana pedi ya mhuri haikauki ikiachwa kwenye sanduku lake. Maana yake ni kwamba doa la mhuri hukauka kwa njia moja tu, kwa kuzama ndani ya karatasi. Karatasi ikiwa ngumu na yenye mng'ao, wino hubaki juu na kupaka kila kinachoigusa. Ikiwa laini mno kama ya kufungia bidhaa, wino hutambaa na herufi zikaota ndevu. Baridi ya nyanda za juu huufanya mzito na mvivu. Joto la pwani huulegeza ukafurika pembeni mwa herufi. Karani mwenye kuijua kazi yake hujaribu kwanza juu ya kipande cha karatasi ileile, akangoja, akakipitisha kidole, ndipo akagonga hati yenyewe.

Mafundi wa siku hizi wanaopiga majina ya maduka juu ya kalamu, vikombe na saa za ukutani wana pedi ya namna nyingine, nayo yatusaidia kuielewa ile ya zamani kwa kinyume chake. Mabingwa wa saa wa Uswisi walikuwa wakitumia vidonge vya jelatini kuhamishia tarakimu kwenye nyuso za saa. Tangu miaka ya 1960 mahali pa jelatini pamekaa silikoni. Mchoro huchimbwa kwenye bamba, wino humwagwa juu yake na kukwanguliwa ubaki mashimoni tu, kisha pedi laini huushuka, huubeba na kuubandika juu ya kitu hata kiwe cha mviringo. Lakini plastiki na kioo havinywi wino. Hivyo wino huo hutiwa kiyeyusho ambacho mafundi hukiita tina, kirukacho hewani upesi. Juu ya bamba hukauka kiasi cha kunata ukaishika pedi. Njiani hukauka tena upande wa pili ukakishika kikombe. Tina ikizidi, wino haunati. Ikipungua, hukauka kabla ya safari kwisha. Na kila kitu kina wino wake: wa plastiki laini haushiki kioo, na wa kioo hutaka kutiwa dawa ya kuugandisha, ambayo ikishachanganywa ina saa chache tu kabla haijaharibika chomboni. Fundi huyo ana nafasi ya kuchagua. Tuwarudie wasiokuwa nayo.

Mwaka 1916 kila kitu kilivunjika. Mwezi Juni jeshi lililotoka Rhodesia ya Kaskazini chini ya Murray liliichukua Bismarckburg, na Ufipa ikatoka mikononi mwa Wadachi. Mwezi Septemba Dar es Salaam ikaanguka kwa Waingereza na Tabora kwa Wabelgiji. Mitambo ya chapa ikabaki mijini pamoja na risasi na mafuta yake. Utawala wa Wadachi ukawa utawala wa mwituni, unaohama pamoja na jeshi upande wa kusini, lakini bado ukitaka kununua vyakula na kulipa watu, na bado ukitaka kuonekana kuwa ni serikali.

Ndipo zikazaliwa noti za mwaka 1917, ambazo wenye kukusanya noti huziita noti za msituni. Hazikupigwa na mtambo. Ziligongwa kwa mkono, kwa herufi za mpira za kupangwa moja moja, aina ya zile zilizouzwa Ulaya katika masanduku ya watoto ya kuchezea uchapaji. Mtu alipanga neno katika kishikio kidogo, akaligandamiza kwenye pedi, akaligonga kwenye karatasi. Ukizitazama utaona mistari haikunyooka, herufi nyingine zimelala upande, wino umekolea hapa na kufifia pale kwa kadiri mkono ulivyochoka. Na kuna kinaya ndani yake: koloni hilohilo lilikuwa limepanda mashamba ya mpira mengi sana, hata bei ilipoporomoka mwaka 1913 wenye mashamba walilia. Nchi iliyojaa mpira ikaishia kuchapa serikali yake kwa mpira wa kuchezea mtoto.

Wako wanaozitaja noti hizi kwa kustaajabia werevu wa Wadachi. Mimi naona werevu ni nusu ya habari. Noti ni ahadi, na ahadi hii iliandikwa kwa wino uliokuwa dhaifu kuliko yote iliyowahi kutumika nchini kwa jambo la uzito kama huo. Aliyepewa aliitia kwenye nguo yake, akavuka nayo mito, akatoka jasho juu yake. Kombe huoshwa kwa kukusudiwa, na anayelinywa anajua anachofanya. Vita vilipokwisha noti hizo hazikuwa na thamani sokoni, na kwa mtu wa kijijini kulikuwa na tofauti ndogo baina ya ile iliyosomeka na ile iliyofutika.

Ufipa haikuziona noti hizo zikitumika kwa kununua ng'ombe wala ulezi, kwa kuwa ilikwisha kutekwa. Ilichokiona ni mwisho wake. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji tarehe 25 Novemba 1917, likazunguka huko miezi mingi, likarudi, kisha likaingia Rhodesia ya Kaskazini. Lilikuwa mitaa ya Kasama, kuelekea mto Chambeshi, habari za kusimamishwa vita Ulaya zilipolifikia katikati ya Novemba 1918. Likaamriwa kwenda Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, pale nyanda za Ufipa zinapopakana na nchi ya jirani. Tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu kuvuka Ruvuma, Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi wao, waliweka silaha chini.

Swali la kwanza baada ya bunduki lilikuwa la mshahara. Lettow-Vorbeck ameandika katika kumbukumbu zake kwamba deni la askari na wapagazi lilifika kiasi cha rupia milioni moja na nusu, na kwamba alijaribu mara kadhaa kupata fedha hizo ili watu walipwe kabla ya kutawanyika, asifanikiwe. Basi kila askari na kila mpagazi akaandikiwa hati ya malimbikizo yake. Karatasi tena. Tunaweza kumshuku jemadari huyo kwa mengi, na wapagazi waliokufa njiani katika vita vile, wa pande zote, ni wengi kuliko askari. Lakini hati ziliandikwa, zikagawiwa.

Kutoka Abercorn waliteremka hadi Kasanga, kwenye boma lile lililokuwa Bismarckburg, wakapakiwa melini kupelekwa Kigoma, na askari wakaishia kizuizini Tabora. Hivyo wale watu walizivuka nyanda za Ufipa wakiwa na hati zao mifukoni, mwezi wa Novemba, mvua za huko zinapoanza. Najiuliza ni wangapi waliokuwa na kipande cha ngozi au bati la kuzifungia.

Mwaka 1921 rupia ilikuwa ikitoka na shilingi ikiingia. Bendera ikabadilika, mihuri ikabadilika, na kila serikali mpya ilizitambua karatasi zake yenyewe. Miaka ikapita, mpaka koloni lile likawa jamhuri.

Mwaka 1964 Lettow-Vorbeck alifariki, na Bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha fedha za kuwalipa askari wa zamani waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba afisa wa benki alipelekwa Mwanza, akaweka meza yake, na wazee kama 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na zile hati za 1918. Wengine walileta vipande vya sare, kitu gani hiki na kile. Wengi hawakuwa na kitu chochote, na afisa hakuwa na njia ya kumjua askari na asiyekuwa askari. Basi akamwita kila mzee mbele, akampa ufagio mkononi, akamtolea kwa Kidachi amri za kwata: silaha begani, silaha chini, geuka. Ilikuwa imepita miaka 46 tangu Abercorn. Hakuna mzee, wanasema, aliyekosea amri hata moja. Wakalipwa.